Mambo ya kisheria ya kila siku na lini utafute wakili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu huyarudia wanapokuja kuomba ushauri: pango, kiwanja, kufukuzwa kazi, ndoa, mirathi, polisi. Majibu yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake na imeguswa kuelekea mwisho. Mambo mawili ndiyo yanayoharibu haki za watu wengi: kusaini kabla ya kuuliza, na kuchelewa. Ndiyo maana humu utakuta siku na miezi ikitajwa kila mara. Zihesabu.

## Ya kuanzia

Je, kila jambo la kisheria linahitaji wakili?

Hapana. Dai la deni katika Mahakama ya Mwanzo, maombi ya usimamizi wa mirathi isiyo na ugomvi, malalamiko ya kazi, matunzo ya mtoto: mengi ya haya mtu wa kawaida anayamudu mwenyewe akielekezwa vizuri. Tangu mwaka 2021 sheria inatambua Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na katika Mahakama ya Mwanzo kesi zimeendeshwa kwa Kiswahili siku zote.

Tafuta wakili bila kusubiri ukituhumiwa kosa linaloweza kukupeleka gerezani, ukinunua ardhi au kuiweka rehani, upande wa pili ukija na wakili, ukitaka kuishtaki serikali, au shauri lako likifika Mahakama Kuu. Na hata kama huna mpango wa kumweka wakili kwa kesi nzima, unaweza kumlipa kwa mazungumzo ya mara moja ili akuambie umesimama wapi. Watu wengi hawajui kwamba hilo linawezekana, na huenda ndiyo fedha yenye manufaa kuliko zote utakazolipa kwa wakili.

Mwanasheria, wakili na msaidizi wa kisheria wanatofautianaje?

Mwanasheria ni mtu aliyesoma sheria. Wakili ni mwanasheria aliyeapishwa, jina lake liko kwenye daftari la mawakili, na ana leseni ya uwakili anayoihuisha kila mwaka. Ni wakili anayeweza kusimama mahakamani kwa niaba yako na kukuandalia hati za mahakama kwa malipo.

Msaidizi wa kisheria ni mtu wa jamii aliyepewa mafunzo na kutambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Atakueleza haki zako, atakuonyesha pa kwenda na atasaidia mpatane. Hawezi kukuwakilisha mahakamani, wala hatakiwi kukutoza.

Nitajuaje kuwa huyu ni wakili kweli na si kishoka?

Muulize jina lake kamili na namba yake ya uwakili, kisha litafute jina hilo katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, au uulize Chama cha Mawakili Tanganyika (TLS). Wakili halisi hakasiriki ukimuuliza.

Kishoka utamkuta nje ya geti la mahakama au karibu na ofisi za ardhi, bahasha ya kaki kwapani, anakuita "mama" au "mzee" kwa upole mwingi, anapokea hela mkononi bila risiti, na hachelewi kusema kwamba hakimu ni mtu wake. Sentensi hiyo ikitoka, ondoka. Hati iliyoandaliwa na asiye na leseni inaweza kukataliwa mahakamani, na siku zako zikawa zinaendelea kuhesabika. Anayekuomba hela "ya hakimu" mripoti TAKUKURU kwa kupiga 113, bila malipo.

Wakili anatoza kiasi gani?

Kuna kanuni za mwaka 2015 zinazoweka viwango vya ada kwa aina ya kazi, lakini kiasi halisi hutegemea uzito wa shauri na makubaliano yenu. Kabla ya kulipa, uliza: ada hii inaishia wapi? Je, nauli na gharama za mahakama zimo? Nikishinda, kazi ya kukaza hukumu, yaani kuhakikisha inatekelezwa, imo? Tukienda rufaa, tunaanza upya? Majibu yaandikwe na kila malipo yapate risiti. Ugomvi mwingi kati ya mteja na wakili huanzia kwenye mazungumzo haya kutofanyika.

Sina hela kabisa. Nifanye nini?

Omba msaada wa kisheria. Kila halmashauri inapaswa kuwa na msajili msaidizi wa huduma hizo. Muulize afisa maendeleo ya jamii au ustawi wa jamii. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC), Chama cha Wanasheria Wanawake (TAWLA) na Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake (WLAC) nao hupokea wasio na uwezo. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza mwaka 2023, huwafikia watu mikoani. Anayeshtakiwa kwa mauaji hupewa wakili na Mahakama, akilipwa na serikali.

## Mikataba na madeni

Tulikubaliana kwa mdomo tu. Je, huo ni mkataba?

Kwa mambo mengi ndiyo. Shida ni kuuthibitisha. Ardhi ni jambo tofauti, huko maandishi ni lazima.

Ushahidi wa simu unapokelewa mahakamani kwa mujibu wa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Usifute mazungumzo, usibadilishe simu hovyo, na ukipiga picha ya skrini hakikisha namba na tarehe vinaonekana. Ujumbe wa muamala wa simu unaosomeka jina la aliyepokea fedha una uzito kuliko mashahidi watatu wanaokumbuka "kama mwezi wa nne hivi".

Nilimkopesha mtu fedha hataki kulipa. Niende polisi?

Polisi si wakusanya madeni. Kama hakukudanganya tangu mwanzo, na shida ni kwamba amekopa na hajalipa, hilo ni shauri la madai, si la jinai. Mwandikie barua ya madai yenye kiasi, tarehe mliyokubaliana na siku unazompa, na ubaki na nakala aliyoisaini. Akinyamaza, fungua shauri Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza madai ya fedha yasiyozidi shilingi milioni 30. Dai la mkataba lina ukomo wa miaka 6, yaani muda huo ukipita huwezi kulifungua.

Kabla hujafungua kesi, jiulize mdaiwa ana nini. Hukumu peke yake hailipi. Hukazwa kwa kukamata mali kupitia dalali wa mahakama. Mtu asiye na mali wala mshahara utamshinda na bado utoke mikono mitupu, na hapo makubaliano ya kulipa kidogo kidogo mbele ya hakimu yana maana zaidi.

Mkopeshaji wa "kausha damu" ameshika kadi yangu ya benki na namba ya siri.

Zuia kadi benki leo, kisha omba mpya. Kutoa mikopo kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na kukushikia kadi na namba ya siri si njia halali ya kudai. Deni lako halifutiki, ila litadaiwa kwa utaratibu. Wale wa mikopo ya kwenye simu wanaowatumia ndugu na wafanyakazi wenzako ujumbe wa kukudhalilisha, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Benki Kuu, pamoja na nakala za ujumbe huo.

## Nyumba na ardhi

Mwenye nyumba anaweza kunifungia kufuli au kunitolea vyombo nje?

Hapana, hata kama unadaiwa kodi. Kumtoa mpangaji kwa nguvu kunahitaji amri ya chombo chenye mamlaka, na mgogoro wa pango husikilizwa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Anza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, aandike alichokikuta. Piga picha vyombo kabla havijaguswa. Na uwe na mkataba wa maandishi, maana bila huo mtabishana hadi kiasi cha kodi.

Nanunua kiwanja. Wakili aingie lini?

Kabla ya kutoa hata shilingi ya "kishika uchumba". Wengi humwita wakili siku ya kusaini ili agonge mhuri, na wakati huo kazi yake kubwa imeshapita.

Kama kiwanja kina hati, ufanyike upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati: jina la mmiliki, kama kimewekwa rehani, kama kuna zuio. Kama hakina hati, kazi ni ngumu zaidi. Nenda mwenyewe bila dalali, siku ya kazi na tena jioni, uwaulize majirani wa pande zote nne wanamjua nani kuwa mwenye eneo. Muulize muuzaji alikipataje, akuonyeshe karatasi. Akisema ni cha urithi, dai barua ya usimamizi wa mirathi. Mtoto wa marehemu hana mamlaka ya kuuza kwa sababu tu ni mtoto (tazama sehemu ya mirathi). Nenda halmashauri ukaulize mchoro wa mipango miji unasema nini, maana kuna watu wamenunua barabara na viwanja vya shule.

Halafu mwenzi. Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mume au mke, na mnunuzi anayeruka hatua hiyo ananunua kesi. Ridhaa iwe ya maandishi. Muuzaji akisema hajaoa, aape kiapo.

Ardhi ya kijiji ina njia yake chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na halmashauri ya kijiji lazima ihusike. Saini ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Ukidaiwa asilimia yoyote ya bei kwenye ofisi ya mtaa au kijiji, omba risiti ya serikali.

Nimeshanunua, sasa kuna mtu anadai ni pake.

Usijenge haraka ili "kumwahi". Migogoro ya ardhi huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 hupatanisha tu, halitoi hukumu tena. Likishindwa, linakupa cheti cha kuthibitisha. Siku 30 zikipita bila usuluhishi, unaweza kuendelea bila cheti. Hatua inayofuata ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwa mali isiyozidi shilingi milioni 300, na zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Kwenye Baraza la Wilaya uwe na wakili ukiweza: kosa la kumwacha nje muuzaji aliyekuuzia, au la kuelezea vibaya mipaka, laweza kukurudisha mwanzo baada ya miaka.

Dai la kurudishiwa ardhi lina ukomo wa miaka 12. Aliyekaa kwenye eneo lako bila ridhaa yako muda wote huo hatatoka kirahisi.

## Kazi

Nimefukuzwa kazi. Nianzie wapi?

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Madai mengine, kama mishahara ambayo haijalipwa, yana siku 60. Unajaza fomu namba 1 ya CMA, unampelekea mwajiri nakala, unarudisha uthibitisho kuwa ameipokea. Huduma haina ada. Unaweza kwenda mwenyewe, na kiongozi wa chama cha wafanyakazi, na wakili, au na mtu unayemchagua.

Ukichelewa, kuna fomu namba 2 ya kuomba kusamehewa, lakini lazima ueleze kila siku iliyopita. "Nilikuwa nasubiri bosi anirudishe kama alivyoahidi" ni sababu tunayoisikia mno, na aghalabu haikubaliwi. Unaweza kuendelea kuzungumza na bosi huku fomu imeshapokelewa.

Usuluhishi hupewa siku 30. Ukishindikana na shauri likaenda kwenye uamuzi, hapo wakili anastahili fedha yake, kwa sababu mashahidi wataulizwa maswali na vielelezo vinavyopokelewa hapo ndivyo Mahakama Kuu itakavyoviangalia baadaye.

Mwajiri anataka nisaini barua ya kujiuzulu ili "tumalizane vizuri".

Usisaini siku hiyo. Omba nakala, nenda kaonyeshe mtu. Ukijiuzulu kwa hiari yako, hoja ya kuachishwa isivyo halali inakuwa ngumu sana. Kuachishwa kwa kawaida kunaweza kukupa kiinua mgongo cha angalau siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili uliofanya kazi, kwa kiwango cha juu cha miaka 10, mbali na notisi na likizo uliyokuwa hujachukua. Piga hesabu hiyo kabla ya kuiangalia bahasha wanayokupa.

Nafanya kazi za ndani, sina mkataba wa maandishi. Sheria inanihusu?

Inakuhusu. Mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuandika masharti ya kazi, na asipoweza kuyaonyesha, hilo halikuangukii wewe. Siku za kulalamika ni zile zile.

## Ndoa na watoto

Nataka talaka. Naenda mahakamani moja kwa moja?

Kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa: la kata, au la dini yenu kama linatambuliwa. Likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, na bila hati hiyo mahakama haipokei ombi la talaka, isipokuwa kwa mazingira machache kama mwenzi kutoroka asijulikane alipo. Ndoa ambayo haijafikisha miaka 2 nayo inahitaji kibali cha mahakama kwanza. Kisha shauri laweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na wengi hulimaliza bila wakili. Mwite wakili kama kuna mali nyingi, kampuni, au mvutano mkali wa watoto.

Mimi ni mama wa nyumbani. Nitapata nini katika mali?

Kazi ya nyumbani ni mchango. Mahakama ya Rufani ilisema hivyo mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, na mahakama zimeendelea kulifuata. Haina maana kwamba mgawanyo ni nusu kwa nusu. Hakimu huangalia kila mmoja alichangia nini. Peleka ushahidi: risiti za ujenzi, mashahidi walioona ukisimamia mafundi, vikoba ulivyochezea kununua mabati. Watu wanasahau kuutaja mchango wao kwa sababu waliuzoea.

Tumeishi pamoja miaka mingi bila kufunga ndoa.

Mkiishi pamoja miaka 2 au zaidi na jamii ikiwatambua kama mume na mke, sheria hudhani mmeoana, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa. Mkiachana, mahakama inaweza kuamuru matunzo na mgawanyo. Kama mmoja wenu alikuwa na ndoa nyingine, muone wakili kabla ya kufungua chochote.

Baba wa mtoto hatoi matunzo, tena anakana mtoto.

Anza ustawi wa jamii. Wakishindwa, shauri linakwenda Mahakama ya Watoto. Akikana, kipimo cha vinasaba hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na maombi hupitia mahakama, ustawi wa jamii au wakili. Huwezi kujipeleka mwenyewe. Usimzuie baba kumwona mtoto ili kumlazimisha alipe. Haki hizo mbili ni za mtoto.

## Mirathi

Baba amefariki. Hatua ni zipi?

Cheti cha kifo kutoka RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) kwanza. Kisha familia hukaa na kuandika muhtasari wa kikao unaompendekeza msimamizi. Kikao kinapendekeza tu. Anayemteua ni mahakama, na mtu anaweza kupinga hata kama ukoo wote umesaini. Maombi yakifunguliwa, tangazo linabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze.

Mahakama ya Mwanzo ya eneo alikoishi marehemu husikiliza mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu. Nyingine huenda mahakama za juu zaidi, na hapo wakili anahitajika kwa vitendo, kama pia kukiwa na wosia unaobishaniwa au wake wa nyumba mbili wasioelewana.

Kaka ameteuliwa msimamizi na sasa anauza kila kitu.

Msimamizi anakusanya mali, analipa madeni, anawagawia warithi. Mali si yake. Mahakama ya Mwanzo humpa miezi 4 kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa fomu namba 5, na baadaye hesabu ya mgawanyo kwa fomu namba 6. Nenda mahakamani na namba ya shauri ukaulize kwa karani kama fomu hizo zipo kwenye jalada. Kama hazipo, andika barua kwa hakimu kuomba aitwe ajieleze. Mahakama inaweza kumwondoa. Kama ameanza kuuza ardhi, ongeza ombi la zuio, na kwa hilo tafuta msaada wa mwanasheria siku hiyo hiyo.

Nataka kuandika wosia. Lazima kwa wakili?

Si lazima, ila wosia mwingi huanguka kwa makosa madogo. Mashahidi wasiwe warithi, wawepo pamoja unaposaini, na tarehe iwepo. RITA huandaa na kuhifadhi wosia. Kwa Muislamu, kinachoweza kuusiwa kwa asiye mrithi hakizidi theluthi moja ya mali.

## Polisi na mahakama

Nimekamatwa. Nina haki gani?

Kuambiwa kosa lako, kuwasiliana na ndugu au wakili, na kunyamaza hadi afike. Mahojiano yana muda wa saa 4 unaoweza kuongezwa, na kwa makosa ya kawaida unatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 kama hujapewa dhamana. Usisaini maelezo ambayo hujasomewa. Maelezo ya onyo, yaani yale unayoandikisha polisi kama mtuhumiwa, yakishasainiwa ni vigumu kuyakana baadaye, kwa hiyo kama kuna fedha ya wakili kwa hatua moja tu, mlete hapa.

Dhamana ya polisi hailipiwi. Wadhamini waje na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Makosa kama mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha hayana dhamana.

Nimepata samansi. Naweza kuipuuza?

Usiipuuze, hata kama madai ni ya uongo. Usipofika, shauri linasikilizwa upande mmoja na hukumu inatoka. Soma tarehe, jina la mahakama na siku unazopewa kujibu, kisha tafuta ushauri wiki hiyo hiyo.

Je, ndugu yangu anaweza kunisemea mahakamani?

Katika Mahakama ya Mwanzo, kwa kesi ya madai, hakimu anaweza kumruhusu ndugu au mtu wa kaya yako. Mawakili nao, waliozuiwa huko kwa miaka mingi, tangu 2021 wanaruhusiwa pale anapokaa hakimu mkazi.

Nimeshindwa kesi. Nina muda gani wa kukata rufaa?

Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Wilaya, siku 30. Kutoka Baraza la Ardhi la Wilaya kwenda Mahakama Kuu, siku 45. Kupinga tuzo (uamuzi) ya CMA, wiki 6. Kwenye jinai kutoka Mahakama ya Wilaya, notisi ndani ya siku 10 na rufaa ndani ya 45. Omba nakala ya hukumu kwa barua siku ile ile inaposomwa, na barua igongwe mhuri wa kupokelewa.

## Mazingira ya pekee

Nataka kuishtaki halmashauri au taasisi ya serikali.

Toa notisi ya siku 90 kwanza, muunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali kama mdaiwa, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Ukikosea hatua moja kesi inatupwa bila kusikilizwa. Usiende bila wakili.

Nipo Oman na ndugu ananinunulia kiwanja nyumbani.

Mpe hati ya nguvu ya kisheria yenye mipaka: kiwanja gani, kwa bei isiyozidi ngapi, na hati ya kiwanja itoke kwa jina la nani. Isaini mbele ya ubalozi. Maneno "afanye lolote kwa niaba yangu" yamewapotezea watu nyumba. Mlipe wakili wako mwenyewe, si yule wa muuzaji.

Niko Zanzibar. Haya yananihusu?

Kwa sehemu ndogo. Zanzibar ina mahakama, sheria za ardhi na chama chake cha mawakili. Ndoa, talaka na mirathi za Waislamu husikilizwa na Mahakama ya Kadhi, ambayo ni mahakama ya kisheria. Bara, kadhi hushauri na kupatanisha; amri ya kutekelezwa hutoka mahakamani.

Wakili wangu hapokei simu na kesi inaahirishwa tu.

Nenda mahakamani mwenyewe na namba ya kesi, uangalie jalada lilifikia wapi na kwa nini liliahirishwa. Kisha mwandikie wakili barua ukitaja tarehe unayotaka majibu. Asipojibu unaweza kumbadilisha wakati wowote na kudai jalada lako, na malalamiko ya utovu wa maadili hupelekwa TLS au Kamati ya Mawakili. Mjulishe hakimu tarehe inayofuata kuwa umebadilisha, na uombe muda wa wakili mpya kusoma jalada.